Mama Ganga Alipougua

Mwezi uliopita niliingia duka moja Campbelltown kununua viatu vya kazi. Muuzaji akafungua boksi, akafunua karatasi laini, na harufu ya ngozi mpya ikanipanda puani. Najua watu wengi huipenda harufu hiyo. Huinusa ndani ya gari jipya wakatabasamu. Mimi siivumilii. Nilimrudishia boksi lake, nikatoka bila kuaga, nikakaa garini nimeshika usukani kwa mikono miwili, nina hasira kama mtu aliyetukanwa muda huo huo.

Hasira hiyo si ya juzi. Niliipata nikiwa msichana wa shule ya msingi, miaka ile ya korona, na sijawahi kuitua. Ninyi wa rika langu mkikutana mnaicheka miaka ile: masomo ya kwenye skrini, mikate iliyoungua, karatasi za chooni zilizogombewa madukani. Mimi nikianza kusimulia ya kwangu, watu hutazama simu zao. Safari hii nitasimulia mpaka mwisho.

Tulikaa Minto, pembezoni mwa Sydney, katika mojawapo ya zile nyumba zilizojengwa zimebanana, uzio wa mbao ukitutenga na jirani. Wazazi wangu ni Warundi. Mimi nilizaliwa kambini Tanzania, upande wa Kigoma, nikaletwa Australia kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Nyumbani tulisema Kiswahili cha kambini kilichochanganyika na Kirundi, nami nilikuwa nimeshapata ule ugonjwa wa watoto wa huku wa kuelewa kila neno na kujibu kwa Kiingereza. Mama alifanya kazi katika nyumba ya kulea wazee. Baba alifanya kazi upande wa viwandani, katika karakana ya kutia vyuma kromu: wanachovya mabomba, bampa za magari na vipini vya milango ndani ya matangi mpaka ving'ae. Alirudi kila jioni na buti zenye madoa ya manjano, manjano kali kama ya bizari, na Mama hakutaka kuziona mlangoni.

Buti hizo ndizo zilizotupatia Bibi Kamla. Ilikuwa lokdauni ya kwanza, shule imefungwa, na Mama alikuwa uani akianika nguo huku akinipigia kelele.

"We mtoto, nimesema ondoa buti za baba yako hapo mlangoni kabla sijazitupa! Unanisikia?"

Kutoka upande wa pili wa uzio sauti ikajibu, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu: "Msikilize mama yako, mtoto! Hata mimi huku nimemsikia."

Mama aliangusha shati. Juu ya uzio kikatokeza kichwa cha bibi wa Kihindi mwenye nywele nyeupe zilizosukwa msuko mmoja. Alikuwa amepanda juu ya ndoo.

"Shikamoo, Mama!" Mama alisema, nusu akicheka, nusu akiogopa.

"Marahaba, binti yangu. Usishtuke. Mimi mzaliwa wa Tabora. Baba yangu alikuwa mtu wa reli."

Basi wakaanza, na hawakunyamaza tena. Tulijua siku hiyo hiyo kwamba aliolewa kutoka Tabora kwenda India, mji wa Kanpur, akafundisha jiografia shule ya wasichana mpaka akastaafu. Alikuja Sydney kumwona mjukuu wake mchanga, mtoto wa mwanawe Anil, akae kidogo tu na kurudi. Kisha ndege zikasimama. Mumewe, Babu Harish, alibaki Kanpur peke yake na paka.

Kila siku baada ya chakula cha mchana Bibi Kamla alizungumza na mumewe kwa simu, kwa sauti ya watu wasioamini kwamba simu inafika mbali. Akimaliza alipanda ndoo yake na kutupa habari. Na habari ya kwanza, kabla ya afya ya Babu mwenyewe, ilikuwa ya Mama Ganga.

"Mama Ganga hali yake mbaya," alimwambia mama yangu. "Miaka yote hii wanamlisha sumu. Kila kiangazi anakonda. Huku juu wanamkata, huku chini wanamziba."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi na tableti ya shule, nikasikia yote. Nilielewa kwamba Bibi Kamla ana mama yake, kikongwe wa ajabu, amelala kitandani Kanpur, na watu wa nyumbani kwake wanamtilia sumu kwenye chakula. Tena wanamkata! Nilimfikiria mkwe mwovu mwenye kisu. Nilishangaa Mama anaitikia "Pole, Mama, pole sana" na kuendelea kubana nguo kwenye kamba, kana kwamba jambo hilo halihitaji polisi.

Kwa hiyo Jumapili, kanisa letu lilipokutana kwa Zoom na mchungaji akauliza nani ana ombi, nilifungua maikrofoni nikasema: "Tumwombee Mama Ganga, mama wa jirani yetu. Wanamlisha sumu." Mchungaji alimwombea Mama Ganga kwa Kiswahili, akarudia kwa Kirundi, akawafunga wabaya wake kwa jina la Yesu. Akina mama walilia kwenye vidirisha vyao.

Na maombi yakajibiwa! Baada ya muda Bibi Kamla alirukia ndoo yake akiwa amejaa furaha. "Anapumua! Harish amenionyesha kwa video. Amepata nafuu, uso wake umetakata, hata samaki wameonekana!" Neno samaki lilinipita. Jumapili iliyofuata nilitoa ushuhuda kwamba Mama Ganga amepona. Kanisa zima lilipiga makofi.

Mama alipokuja kujua, alimsimulia Bibi Kamla, naye alicheka mpaka akashika mbao za uzio kwa mikono yote miwili. Kisha akaacha kucheka.

"Njoo na chaki," akasema.

Mbele ya nyumba zetu kulikuwa na njia ya gari ya sementi tuliyoitumia wote. Nilikaa upande wetu, yeye akachuchumaa upande wao na sari yake ameikunja magotini, akachora. Sijawahi kupata mwalimu kama yule, na nimekaa mbele ya walimu wengi.

"Hapa juu kuna milima, Himalaya. Hapa barafu, na Mama Ganga ni mto, anazaliwa chini ya barafu hii. Weka kidole. Nilipoanza kufundisha, barafu iliishia hapa. Sasa inaishia huku nyuma, na bado inarudi." Mstari ukashuka. "Hapa milima inaisha, mji unaitwa Haridwar. Hapa wanachukua maji yake, wanayaingiza kwenye mfereji, yanakwenda mashambani. Si wizi, watu lazima wale. Lakini kinachobaki ni kidogo, na hicho kidogo ndicho kinachofika kwetu Kanpur." Alichora duara. "Na sisi tunatengeneza ngozi. Viatu, mikanda, viti vya magari. Ngozi ya ng'ombe ukiiacha inaoza, kwa hiyo wanailoweka kwenye chumvi ya kromu. Maji yanayotoka humo yana rangi ya kijani na bluu, kama shaba iliyozeeka. Yanakwenda wapi?"

Nilionyesha mstari.

"Ndiyo. Na vyoo vya mji mzima vinakwenda wapi?"

Nilionyesha tena.

"Kisha anakwenda mji wa Prayag, anakutana na dada yake, mto Yamuna, naye amepita Delhi ana hali mbaya kuliko yeye. Anakwenda Banaras, wafu wanachomwa kando yake. Anakwenda Bengali, anagawanyika vidole vingi, anaingia baharini kwenye mikoko. Kote huko wanamwita mama. Wanamwogea asubuhi, wanamwashia taa jioni, mtu anakata roho akiomba tone lake mdomoni. Halafu wanamnyea."

"Bibi!" Nilitazama kama Mama amesikia.

"Neno ni hilo. Usilitafutie jingine."

"Kwa nini Mungu wenu hakasiriki?"

"Sijui kama hakasiriki. Mimi nakasirika kwa niaba yake."

"Lakini ulisema amepona."

"Viwanda vimefungwa. Watu wamefungiwa ndani, yeye akaachiwa." Alijifuta chaki kwenye sari. "Watafungua."

Walifungua. Babu Harish alionyesha kwa simu rangi ikirudi, na Bibi Kamla hakutuletea tena habari za Mama Ganga. Mvua ya Minto iliufuta mto wetu kwenye sementi.

Mwaka uliofuata sisi tulikuwa huru. Shule ilifunguliwa, mikahawa ilijaa, watu wa mitaa ya kitajiri ya pwani walikuwa wakipigana picha na kujisifu jinsi nchi yetu ilivyoishinda korona. Ndipo India ikashikwa. Bibi Kamla hakupanda ndoo tena. Alikuwa amekaa sebuleni kwa Anil, simu mkononi. Babu Harish alianza na kikohozi. Mpwa wake alizunguka mji akitafuta mtungi wa oksijeni, akakosa. Babu alifariki mchana, simu ikiwa wazi. Mama alikuwa ameketi karibu na Bibi Kamla siku hiyo, na anasema kilichobaki kwenye skrini ni dari na panka likizunguka, na paka akilia mahali pasipoonekana.

Bibi alifungasha begi palepale.

"Mama, hakuna ndege," Anil alimwambia. Anil ni mtu mpole, anayeongea chini chini. "Wamezuia. Hata raia wa hapa walioko kule, wakijaribu kurudi wanasema watawafunga jela."

"Sitaki kurudi. Nataka kwenda."

"Hakuna ndege, Mama."

Begi lilikaa mlangoni. Nilipopita kwenda shuleni nililiona kupitia mlango wa wavu, limesimama na koti la mvua juu yake. Na shuleni mwalimu alituambia tushukuru kwa kuwa tuko salama. Nilitaka kumtupia kiti.

Mama ndiye aliyeniambia kuhusu mazishi. Alikuwa akikata vitunguu na alisema bila kunitazama: "Wamemlaza mchangani, kando ya mto."

Mimi mchanga nilioujua ni wa ufukwe wa Cronulla, tulikopelekwa na shule. Niliona miavuli na bahari ya bluu. Nilivuka kwenda kwa Bibi Kamla, aliyekuwa amevaa nyeupe ya ujane na mikono yake imekuwa mitupu bila bangili, nikamwambia neno la kumfariji nililolitunga njiani, kwa Kiswahili, ili liwe la heshima: "Pole, Bibi. Angalau yuko mahali pazuri."

Hakunikaripia. Alinikalisha.

"Mjukuu wangu, sisi hatuziki. Sisi tunachoma, kisha majivu tunampa mto. Lakini kuni zimekwisha. Watu wamekufa mpaka kuni zimekwisha mjini. Kwa hiyo wamefukua mchanga pale mto ulipokauka, wakamweka na kumfunika kwa kitambaa. Wako wengi pale, bega kwa bega. Unakumbuka niliyokuchorea? Kiangazi barafu inayeyuka. Kisha inakuja mvua kubwa. Mto unakuwaje?"

Nilielewa anachouliza na sikutaka kujibu.

"Jibu."

"Unapanda."

"Na michanga?"

"Inapotea."

"Vizuri. Miaka yote nimewapa wasichana alama kwa jibu hilo."

Mvua zilifika huko kama alivyojua zitafika. Siku moja nilikuwa nikicheza na mjukuu wake sebuleni, na televisheni ikaonyesha mto mpana wa rangi ya matope, na vitambaa vya rangi ya machungwa vikitokeza kwenye ukingo unaomomonyoka. Anil alirukia rimoti. Bibi akasema, kwa Kiswahili, ili mwanawe asielewe: "Amechukuliwa. Sasa na yeye ni uchafu wa Mama Ganga." Nilikuwa mtoto, na maneno hayo niliachiwa mimi peke yangu niyabebe.

Kisha ikaja zamu yetu. Lokdauni ya pili haikuwa ya wote. Kule pwani watu walitandika mikeka bustanini wakala jibini juani. Kwetu kulipita helikopta, askari jeshi waligonga milango, na mtu ukitoka ulitakiwa uwe unatembea kwa mazoezi, usisimame. Baba yangu aliruhusiwa kwenda kazini. Nyumba za watu zinahitaji mabomba yanayong'aa, nadhani.

Bibi Kamla alitaka kumfanyia mumewe ibada kwenye maji yanayotembea, maji yoyote. Nyuma ya mtaa wetu kuna kijito kinachopita vichakani na kuteremkia mto Georges. Mama alisema nimsindikize, ni mazoezi. Alibeba maua ya manjano kwenye bakuli la chuma, yale ya kwenye bustani ya Anil, na taa ndogo ya samli. Tulipofika nilisikia harufu kabla ya kuona, harufu kali kama betri. Chini yetu palikuwa na bomba la sementi linalotoa maji ya mvua kutoka viwandani. Siku hiyo hakukuwa na mvua, na bomba lilikuwa linatoa. Maji yalikuwa ya manjano. Kwenye matope pembeni mikunga ilikuwa imelala chali, wale samaki warefu kama nyoka, matumbo meupe juu, midomo wazi.

Bibi Kamla alisimama na bakuli lake. Kisha alipiga kelele. Alianza kwa Kihindi, akaja kwa Kiingereza, akaishia kwa Kiswahili cha Tabora, matusi ambayo sijayasikia tena. "Nimevuka bahari!" alilia. "Nimevuka bahari nzima, nimewakuta wanafanya yale yale!" Ndege walitoka mitini.

Kelele hizo ziliwaleta polisi wawili waliokuwa wakipita njia ya juu, barakoa usoni.

"Mama, hamruhusiwi kusimama hapa," mmoja alisema. "Tembeeni. La sivyo tutawaandikia faini."

Bibi alimgeukia. Alikuwa mfupi, akimfikia kifuani. "Mimi utaniandikia faini kwa kusimama kando ya maji. Na lile bomba? Lile nani analiandikia?"

Polisi alilitazama bomba. Nilimwona akilitazama. "Hilo si letu, mama. Piga simu kwa wanaohusika. Sasa tembeeni."

Alipiga simu siku hiyo hiyo. Alipiga ofisi moja, akapelekwa nyingine, akasubiri akisikiliza muziki, mpaka msichana mwenye adabu akamwambia kwamba kwa sababu ya hali iliyopo wakaguzi hawatoki. Wafanyakazi wa viwandani walitoka. Helikopta zilitoka. Wakaguzi hawakutoka.

Niliporudi nyumbani buti za Baba zilikuwa mlangoni, na mdogo wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anatembea, amezivaa na anaburuta miguu, anacheka. Nilitazama madoa. Nilikuwa nimeyatazama maisha yangu yote bila kuyaona.

Wakati wa chakula nilisema, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu sikujibu wala kusema kwa Kiingereza: "Baba, ni ninyi mnaomwaga."

"Kula."

"Kijitoni, Baba. Mikunga imekufa."

"Nimesema kula."

Mama aliweka kijiko chini. Baba hakutazama mtu. Niliondoka mezani bila ruhusa, jambo lisilofanyika kwetu, nikaenda kwenye uzio nikapanda ndoo, maana siku hizo na upande wetu tulikuwa na ya kwetu, nikamwita Bibi Kamla nikamwambia baba yangu anafanya kazi wapi. Kuna ndugu wananilaumu mpaka leo kwa hilo. Waendelee.

Kesho yake Baba alikuwa akiosha gari alipomkuta Bibi amesimama kwenye ile sementi yetu, barakoa usoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Baba Kezia," alijibu, akimwita kwa jina langu. "Nasikia uko kwenye kromu."

Baba alinitupia jicho. "Ndiyo, Mama."

"Maji mnayosuuzia vyuma mnayapeleka wapi?"

Alifunga bomba. "Zamani lilikuja lori kuyachukua. Tangu lokdauni lori haliji. Bosi amesema tuyasukume kwa mpira wa maji, yaingie mtaro wa uani."

"Na mtaro unakwenda wapi?"

"Mama, mimi sijui mtaro unakwenda wapi."

"Unajua."

Baba alikamua sponji. Kisha hasira yake ikatoka, naye ni mtu asiyepandisha sauti. "Nikikataa, kesho ataitwa mwingine. Wako wengi wanasubiri. Mama, mimi nimekaa kambini nikipanga foleni ya mahindi mpaka nikaota mvi. Hapa ndipo mtu amenipa shati lenye jina langu kifuani. Unataka nifanye nini?"

"Najua ataitwa mwingine. Kanpur nilifundisha watoto wa watu wa ngozi, na kila baba aliniambia maneno hayo hayo. Kila mmoja, na wote walisema kweli." Alikohoa kidogo. "Sikuja kukutaka ufanye kitu. Nimekuja kukuambia kilichomo kwenye buti zako. Hayo manjano ni sumu. Inaingia kwa ngozi, inaingia kwa pumzi, na haitoki. Jana mwanao mdogo alikuwa amezivaa."

Baba alibaki ameshika sponji, povu likimtiririka mkononi. Alikuwa hajui. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote: waliompa shati lenye jina lake hawakumwambia. Alikwenda mlangoni, akazichukua zile buti kwa ncha za vidole kama mtu anayebeba panya aliyekufa, akazifunga ndani ya mifuko ya plastiki, mmoja juu ya mwingine. Kisha akaingia bafuni akaosha mikono, na tukasikia maji yakitiririka muda mrefu sana.

Wiki hiyo alirekodi kwa simu yake. Alirekodi tangi, mpira, mtaro, na mwenzake akisukuma maji kwa fagio. Aliituma video hiyo kwa wanaohusika, na aliandika jina lake kamili, ingawa Mama alimsihi asiandike. "Shati lao lina jina langu," alisema. "Na hii iwe nalo."

Wakaguzi walitoka mwishowe, maua ya majira ya machipuko yakiwa yameshafunguka. Karakana ilipewa faini, ikalipa, ikaendelea. Baba hawakumfukuza. Walimwambia kazi zimepungua na watampigia. Simu haikulia. Alikaa nyumbani miezi mingi, mtu aliyezoea kuamka kabla ya kila mtu, akifagia ua uliokwisha kufagiwa, mpaka alipopata kazi ya kupakia nyama iliyogandishwa kwenye ghala la baridi Ingleburn, ambako yuko mpaka leo. Vidole vyake vimepasuka. Kanisani walimpongeza kwa ujasiri wake. Pongezi ni rahisi.

Mipaka ilipofunguliwa Bibi Kamla akapata ndege. Ilipofika siku ya kuondoka aliomba kitu kimoja: kabla ya uwanja wa ndege wapitie mto Georges, pale kijito chetu kinapoingia, na Baba Kezia awepo. Tulikwenda wote, Anil mbele na gari lake, sisi nyuma. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo. Mto ulikuwa umejaa, wa kahawia, umebeba matawi na chupa, na kulikuwa na meza za pikiniki zisizo na watu.

Baba ni mlokole. Miungu ya watu wengine haigusi hata kwa mzaha, na mchungaji wetu alikuwa ameshamwonya kuhusu urafiki huu. Bibi Kamla alivua ndala, akashika bakuli lake, akaanza kuteremka ukingoni, na utelezi ukamyumbisha. Anil alikuwa na mtoto mkononi. Baba alivua viatu, akavua na soksi akaziingiza ndani ya viatu vizuri kama anaingia nyumba ya mtu, akateremka akamshika mkono. Wakaingia wote wawili.

Ndipo nilipoliona bango, kwenye nguzo karibu na njia, lenye mchoro wa mtu anayeogelea aliyekatwa na mstari mwekundu. Nilisoma, nikapiga kelele mpaka Mama akaruka.

"Bibi, tokeni! Baba! Bango linasema maji ni machafu, watu wasiingie!"

Bibi Kamla alikuwa akisema jina la mumewe, polepole, na mengine kwa lugha yake. Alimaliza kwanza. Aliliachia bakuli, likazunguka, likashika mkondo likaondoka na maua yake. Maji yalikuwa yamewafika magotini, suruali ya Baba imegandamana na miguu.

"Nimelisoma, mjukuu wangu," alisema bila kugeuka. "Wangelisimika kule kwenye bomba."

Kisha akamwambia Baba wasogee mbele kidogo, penye kina cha kuogea.